Damu, milio na mwili wa mzee: kurekodi filamu ya askari mstaafu bila risasi hata moja

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Tuko Nkuhungu, Dodoma, tunajiandaa kurekodi filamu ya mapigano. Mhusika mkuu ni askari mstaafu aliyechoshwa na vita, anayelazimika kushika silaha tena wezi wa mifugo wanapovamia kijiji chake upande wa Kongwa. Tuna kamera moja na pesa kidogo. Kwenye majaribio damu ilionekana kama juisi ya rosella, bunduki ya mbao ilionekana ya mbao, na milio ilisikika kama fataki. Mwenzetu anasema anaweza kupata bunduki halisi na risasi baridi. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na bunduki, maana mengine yote yanarekebishika.

Hapana. Bunduki halisi isiingie kwenye eneo lenu la kurekodi, iwe na risasi baridi au iwe tupu. Risasi baridi haina ncha, lakini baruti imo, na gesi yake hutoka mtutuni kwa nguvu ya kuua mtu aliye karibu. Mwaka 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum alijiwekea kichwani bastola ya risasi baridi na kufyatua. Nguvu ya mlipuko huo ilimvunja fuvu na akafariki. Mwaka 1993 Brandon Lee aliuawa kwa bunduki ya risasi baridi kwa sababu ncha ya risasi ya maonyesho ilikuwa imekwama mtutuni bila mtu kujua, na baruti ikaisukuma nje. Oktoba 2021 Halyna Hutchins, mpigapicha, aliuawa New Mexico kwa bastola iliyodhaniwa kuwa salama. Wote hao walikuwa kwenye kazi zenye pesa na wasimamizi wa silaha. Nyinyi hamna msimamizi, na umiliki wa silaha hapa nchini unabanwa na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Mwambieni mwenzenu aliache kabisa wazo hilo.

Bunduki ya mbao inatosha, ila ipewe uzito. SMG, yaani AK-47, yenye magazini iliyojaa ina takriban kilo 4, na mwigizaji anayebeba kipande cha kilo moja huonekana mara moja: mikono inakwenda haraka mno, mabega hayashuki. Mwambie fundi seremala atoboe mti kwa urefu na kuingiza nondo. Nondo ya milimita 16 ina karibu kilo 1.6 kwa mita, kwa hiyo vipande viwili vya sentimita 60 vinaongeza kama kilo 1.9, na mbao ngumu kama mninga inakaribia kumaliza kazi. Sehemu za chuma zipakwe rangi nyeusi isiyong'aa, kisha usugue kingo kwa unga wa risasi ya penseli hadi zitoe mng'ao wa chuma kilichoshikwa miaka mingi. Kitako kipakwe mafuta tu, kisipigwe vanishi.

Sanamu hiyo isafirishwe ikiwa imefungwa ndani ya boksi. Kituo cha polisi, mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji wapewe taarifa kwa barua yenye tarehe na saa, na siku ya kazi awepo mtu barabarani wa kuwaeleza wapita njia. Mwanakijiji aliyeona watu wenye bunduki hataki kujua kama ni za mninga.

Sasa mhusika wenu. Mnataka askari aliyechoka, na hapo ndipo filamu nyingi za mapigano huharibika, kwa sababu uchovu unaachwa kwenye maneno wakati mwili unaruka ukuta. Piga hesabu ya umri kwanza. Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, na Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70. Kama mwigizaji wenu ana miaka 45, vita vyake viwe vya mashariki ya Kongo, ambako askari wa Tanzania walikuwemo kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013. Mzee wa Kagera akikimbia mita ishirini, anahitaji kuegemea kitu. Mkono wake unapata magazini bila kutazama, maana hilo halisahauliki, lakini goti linashuka kwa hatua mbili. Msiikate pumzi yake kwenye uhariri. Iacheni isikike.

Kuna jambo dogo litakalowasaidia sana: masikio. Mlio wa bunduki ya vita hupita desibeli 140, kiwango ambacho mlipuko mmoja unaweza kuharibu usikivu. Anayelenga kwa bega la kulia, sikio lake la kushoto ndilo linaloelekea mtutu, wakati la kulia linakingwa na kichwa. Ndiyo maana wapigaji wengi wa bega la kulia huumia zaidi kushoto. Basi mzee wenu akisemeshwa ageuze shavu ili sikio la kulia limwelekee msemaji, na afanye hivyo tangu tukio la kwanza, hata anaponunua chumvi dukani. Hakuna haja ya mtu kulieleza.

Uchovu huo huo uamue risasi. SMG hufyatua takriban risasi 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde, na magazini ya kawaida ina 30. Ukishikilia kifyatulio inaisha kwa sekunde tatu. Wezi wenu vijana wamwage hizo sekunde tatu na kubaki wanapapasa. Mzee apige moja, anyamaze, ahame, apige nyingine. Mtu wa kuhesabu risasi awepo wakati wa kurekodi na aandike kila moja.

Mwako wa mtutu unaongezwa kwenye kompyuta. Mwako halisi hudumu sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hiyo ukirekodi fremu (picha mojamoja) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde, weka mwako kwenye fremu moja tu. Kwa mfululizo, risasi 10 kwa sekunde maana yake mwako kila fremu ya pili au ya tatu kwa kupokezana. Ukiweka kila fremu unapata taa ya disko. Kila mwako ubadilishwe umbo na ukubwa kidogo. Programu ya uhariri ya DaVinci Resolve ina toleo la bure linalofanya kazi hii. Mchana wa jua la Dodoma mwako karibu hauonekani, hivyo msiupake rangi ya chungwa. Weka moshi mwepesi na vumbi linaloruka mbele ya mtutu. Usiku ndipo mwanga wa mwako unapaswa kugonga uso wa mpigaji na ukuta ulio karibu, na huo muurekodi kweli kwa taa ndogo inayowashwa na kuzimwa pembeni ya kamera. Tena mwigizaji lazima asukumwe bega: mtu ashike kitako nje ya picha na kukigonga nyuma kila risasi.

Milio yenu ilikuwa fataki kwa sababu mlitumia sauti moja na kuirudia. Mlio mmoja ujengwe kwa tabaka tatu. La kwanza ni kishindo kifupi: piga ubao mpana juu ya sakafu ya saruji, urekodi kiwango kikiwa chini, kilele kisizidi desibeli -12 kwenye kipimo cha kinasa sauti, la sivyo sauti inapasuka. La pili ni chuma: komeo la geti zito likisukumwa na kurudi. La tatu ni mwangwi, na huu ndio unaosema tuko wapi. Mwamba ulio mita 170 unarudisha sauti baada ya sekunde moja. Kwenye mbuga za Bahi hakuna kinachorudisha, mlio unakufa mkavu. Tazama picha yako, kadiria umbali wa mawe, kisha weka mwangwi. Kila mlio uupandishe au kuushusha kidogo usifanane na uliotangulia.

Na umbali una sheria yake. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, risasi ya SMG hutoka mtutuni kwa takriban mita 715 kwa sekunde. Mtu anayepigwa kutoka mlima wa mbali huanguka kwanza, mlio unafuata. Wekeni tukio moja la namna hiyo kwenye filamu, moja tu, na mtaona ukumbi unavyonyamaza.

Damu. Rosella inapitisha mwanga, ndiyo maana kamera iliona juisi, na ikikutana na sabuni inageuka zambarau. Chukua vikombe 2 vya sukari, kikombe 1 cha maji na maji ya nusu limau yanayozuia sukari isigande tena. Chemsha kwa moto mdogo hadi ishike mgongo wa kijiko, kama dakika 10. Ongeza kijiko 1 cha chai cha konflawa iliyokorogwa kwa maji baridi, acha ichemke dakika moja, ipua. Ikipoa weka nusu kijiko cha chai cha rangi nyekundu ya chakula ya unga, kisha kijiko 1 cha chai cha kakao iliyolainishwa kwa maji ya moto. Kakao ndiyo inayoziba mwanga. Ikibaki na wekundu wa pipi, tone moja la bluu, si zaidi. Jaribu kwenye kitambaa kilekile na mwanga uleule mtakaotumia. Damu mbichi ni nyekundu iliyokolea, ya baada ya saa chache ni kahawia, kwa hiyo tengeneza chupa mbili. Hii inaweza kuingia mdomoni. Ukiongeza sabuni ya maji ili ifulike kirahisi, chupa hiyo iandikwe wazi na isikaribie mdomo.

Shida yake ni nyuki, nzi na sisimizi. Kwa mwigizaji anayelala chini muda mrefu, badilisha sukari kwa gliserini ya duka la dawa. Halafu udongo wetu mwekundu unakunywa kila kitu: unamwaga nusu lita, mwongozaji akisema tayari, hakuna damu. Fukia karatasi ya plastiki chini ya udongo mwembamba wa nusu sentimita, umwage juu yake. Na iwe chupa ile nyeusi zaidi, maana nyekundu juu ya nyekundu haionekani.

Majeraha: mafunzo mengi ya mtandaoni yametengenezwa kwa ngozi nyeupe. Waridi na wekundu mwepesi kwenye ngozi yetu huonekana kama unga. Tumia rangi ya damu ya mzee, zambarau iliyokolea na kahawia karibu na nyeusi, kisha mng'ao kidogo wa mafuta pale palipovimba. Nyama ya jeraha: kijiko 1 cha mafuta ya mgando, vijiko 3 vya unga wa ngano, na fondesheni ya rangi ya mwigizaji. Inalainika juani, kwa hiyo ipakwe kivulini na irekodiwe ndani ya nusu saa. Kovu la zamani linajengwa kwa tishu na gundi ya kope, tabaka mbili au tatu. Gundi nyingi za kope zina mpira ambao huwawasha baadhi ya watu. Paka tone upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, siku moja kabla, na kama kuna vipele acha.

Mtu kupigwa risasi: msitumie baruti, fataki wala vichwa vya kiberiti. Fundi cherehani ashone mashati manne kutoka jora moja, kwa sababu mitumba hutapata manne yanayofanana. Yachakazeni yote pamoja kwa jiki na msasa. Ndani ya shati, pale risasi itakapotokea, kwangua kitambaa kwa msasa hadi nyuzi zionekane, kisha kata msalaba wa sentimita moja na ushike kingo kwa mishono miwili myepesi. Nyuma yake kifuko chembamba cha nailoni chenye mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula, kilichobandikwa kwenye kipande cha plastiki kigumu kinachokaa juu ya fulana nene. Ndani ya kifuko weka washa ya chuma iliyofungwa mshipi wa kuvulia samaki unaopita kwenye msalaba. Mtu aliye nje ya picha avute mara moja kwa nguvu, chini na pembeni, kamwe si kuelekea uso wa mtu. Kifuko kikijaa hewa hakipasuki vizuri. Kitoe hewa kabla ya kufunga. Tundu likibaki limefumba, mishono ilikuwa mingi.

Risasi inayogonga ardhi ni bomba la kunyunyizia la lita 2, lenye hewa tu bila maji, na mpira wa milimita 6 uliofukiwa, mdomo ukiwa chini ya udongo mkavu uliochekechwa. Bomba liwe jipya. Lililowahi kutia dawa kwenye zabibu halifai. Saruji isitumike kama vumbi, inaunguza macho, na unga wa ngano usirushwe karibu na moto kwa sababu vumbi lake hulipuka. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa mchana ni mkali, kwa hiyo vumbi lirekodiwe kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi.

Sare za jeshi msiguse. Raia kuvaa sare ni kosa, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku 7 kwa raia wote wenye mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo kuyasalimisha. Mzee wenu ni mstaafu: buti lililoisha kisigino na koti la kawaida vinatosha. Kumbukumbu za vita zirekodiwe kwa mikono, miguu, moshi na nyuso za karibu.

Kibali cha kurekodi kinatoka Bodi ya Filamu, na mswada unawasilishwa kabla. Filamu ikikamilika inarudi kwao kukaguliwa na kupewa daraja la umri. Kwa damu mliyoitaja, msitegemee daraja la watoto. Kwa hiyo andaeni pia toleo la tangazo lisilo na majeraha, lenye yule mzee akigeuza sikio la kulia na mlio unaotoka mbali.