Kabla ya kulaumu katriji mpya

Msomaji ameniandikia kwamba amefunga kwenye kicheza santuri chake katriji (kile kichwa kidogo chenye sindano inayosoma santuri) ya bei kubwa kuliko ile ya zamani, na sasa sauti ni hafifu, mvumo umezidi na besi inayumba. Anauliza kama ameuziwa mbovu. Kwa dalili hizo, yaelekea katriji ni nzima. Tatizo ni pale ilipofungwa.

Katriji za kawaida, zile ambazo sumaku ndiyo inayocheza, hutoa milivolti 3 hadi 5 hivi. Nyingi kati ya zile ambazo koili ndiyo inayocheza hutoa 0.2 hadi 0.6 tu. Tundu la fono la kawaida, lile la amplifaya la kuchomekea kicheza santuri, hukuza kwa desibeli 40 hivi. Katriji ya koili yenye sauti ndogo inataka kama 60. Ukiichomeka kwenye tundu la 40 utalazimika kufungulia sauti karibu hadi mwisho, na mvumo utapanda nayo. Tazama nyuma ya amplifaya kama kuna swichi ya MM (ya sumaku) na MC (ya koili). Kama haipo, utahitaji kikuzaji cha fono cha pembeni au transfoma ya kupandishia, gharama ambayo wengi huisahau.

Katriji ya sumaku inataka mzigo, yaani ukinzani wa tundu inapochomekwa, wa kilo-omu 47, lakini pia ina kiwango chake cha kapasitansi (uwezo wa waya na tundu kushika chaji ya umeme), mara nyingi pikofaradi 100 hadi 200. Waya wenye 150 ukiingia kwenye amplifaya yenye 220, tayari ni 370. Hapo sauti za juu huchongoka na herufi "s" ya mwimbaji hukwaruza sikio. Waya mfupi ni dawa bora kuliko kugusa vitufe vya trebo. Kwa katriji ya koili, anza na mzigo wa mara 10 ya ukinzani wa koili yake.

Sasa mkono unaobeba katriji, na hapa ndipo watu huumia zaidi. Jumlisha kwa gramu uzito tendaji wa mkono (ule ambao sindano huuhisi mkono ukitikisika), katriji na skrubu zake. Zidisha kwa ulaini wa kishikio cha sindano ulioandikwa kwenye karatasi ya katriji, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 159 kwa jibu hilo. Utapata hezi ambazo mkono na katriji hupenda kutikisika vyenyewe. Mkono wa gramu 10, katriji 6, skrubu 1 na ulaini 15 vinakupa hezi 10 hivi. Safi kabisa, maana tunatafuta 8 hadi 12. Mkono wa gramu 20 wenye katriji ya uzito uleule lakini ulaini 30 hushuka hadi kama 5.6, na santuri iliyopinda kidogo itautikisa. Vua kitambaa cha spika uone: koni ya besi inapwita mbele na nyuma hata pasipo muziki. Angalizo: watengenezaji wengi wa Japani hupima ulaini kwa hezi 100, kwa hiyo zidisha tarakimu yao kwa 1.5 hadi 2 kabla ya kupiga hesabu.

Ukishafunga, pima kwa mizani ndogo uzito ambao sindano huikandamiza santuri. Katriji inayotaka gramu 1.5 hadi 2 anza na 1.8. Kuipunguzia ili "kuokoa santuri" ni kosa: sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuuchimba. Nyaya za katriji ni nyeupe na bluu kushoto, nyekundu na kijani kulia. Ukigeuza jozi moja tu, besi hupotea. Na usichomelee risasi kwenye pini za katriji, joto litaua koili.