Jocasta, Malkia Aliyetangulia Kujua

Mhariri, mmeuliza wiki hii ni nani katika koo za kifalme za Ugiriki ya kale anayestahili kuhurumiwa kuliko wote. Wengi watamtaja Oedipus, mfalme wa Thebes aliyemuua baba yake bila kujua. Mimi namtaja Jocasta, malkia wa Thebes, aliyekuwa mama yake na, pasipo wao kujua, mkewe.

Katika tamthilia ya Sophocles ya karne ya 5 KK, Oedipus anapofadhaishwa na mtabiri Tiresias, anayemshutumu kuwa ndiye aliyemuua mfalme Laius, Jocasta ndiye anayemtuliza. Anamwambia kwamba Laius, mumewe wa kwanza, alitabiriwa kuuawa na mwanawe, ilhali aliuawa na wanyang'anyi mahali zinapokutana njia tatu, na mtoto mwenyewe alikwisha kutupwa mlimani kabla ya kutimiza siku tatu, miguu yake ikiwa imefungwa pamoja. Faraja hiyo ndiyo inayomtia Oedipus hofu, kwa kuwa anakumbuka kuwa alimuua mzee mmoja kwenye njia panda kama hiyo.

Kisha mjumbe wa Korintho anaeleza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyempokea Oedipus, angali mchanga, kutoka kwa mchungaji wa Laius katika mlima Cithaeron. Jocasta anaelewa papo hapo kwamba Oedipus ndiye yule mtoto aliyetupwa, Oedipus hajaelewa lolote. Muda huo mfupi ndio unaonigusa zaidi, kwa sababu hautumii kujililia wala kujitetea, bali kumsihi mwanawe aache kuuliza ili angalau yeye aokoke. Oedipus anadhani mkewe anaona haya kuolewa na mzaliwa wa mtumwa. Malkia anaingia ndani na kujinyonga, na vibanio vya dhahabu vya vazi lake ndivyo Oedipus anavyojichomea macho.

Wapo wanaomlaumu, kwa kuwa mchungaji anakiri baadaye kwamba Jocasta mwenyewe ndiye aliyemkabidhi mtoto ili auawe. Ni kweli, na katika masimulizi yake tendo hilo analitaja kuwa la Laius peke yake. Mimi nasoma hapo uchungu wa mama asiyeweza kulitamka alilofanya, wala sioni hila.

Euripides, mtunzi mwingine wa tamthilia wa Ugiriki ya kale, kwa upande wake, alimwacha aishi zaidi, ajaribu kuwapatanisha wanawe Eteocles na Polynices waliogombea kiti cha enzi, na walipouana akajiua kwa upanga juu ya maiti zao.