Uso ndio wenye kisa

Zuhura mwanangu,

Umeniuliza kama uache kupiga harusi kwa kamera, kazi inayokulipia kodi ya nyumba, uende Pangani kupiga filamu ya kisa kwa nusu ya malipo. Nimeusoma ujumbe wako, na kila nikifika pale unapotaja kuta nyeupe za mji ule, swali la pesa linanitoka, nabaki na la mwanga.

Habari ya Bagamoyo unaijua nusunusu, maana mama yako hapendi niisimulie mezani. Anasema napandisha sauti. Nilikuwa msaidizi wa kamera, kazi yangu fokasi na kubadilisha rola. Ilikuwa filamu ya milimita 16, na rola ya futi 400 ni kama dakika 11 tu, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuchezea shoti. Bibi mmoja aliigiza mama anayeletewa habari ya msiba. Saa saba mchana, jua la utosini, kasimama mbele ya ukuta wa chokaa. Mpiga picha mkuu, mgeni kutoka Ulaya, akaelekeza kipima mwanga ukutani, akasoma, akabana lenzi ipitishe mwanga kidogo. Nikamwambia: kifaa hicho hudhani kila kinachokitazama ni kijivu, ukikipimia chokaa kitakwambia mwanga umezidi, na uso wa bibi utamezwa na giza. Pima usoni, tena tumwekee shuka jeupe ubavuni limrudishie mwanga. Akanijibu nishike fokasi yangu.

Bibi yule alilia, Zuhura. Mara moja tu, midomo ikimtetemeka kabla ya machozi. Nilikuwa pembeni yake, niliona kila kitu. Rola zikapelekwa maabara Ulaya, zikarudi baada ya wiki nyingi. Ukuta ulipendeza mno, kila ufa unahesabika. Macho ya bibi yalikuwa mashimo mawili meusi. Walipojaribu kuichapa shoti ile kwa kuing'arisha, picha ikajaa chenga tupu. Shoti ikakatwa.

Uso ndio wenye kisa. Nilikuambia ukiwa mdogo, nakuambia tena. Ngozi yetu haitaki kumulikwa kwa nguvu. Inataka mwanga mpana, laini, utokee ubavuni, ung'ae shavuni na kwenye paji.

Utasema siku hizi kuna monita, kosa linaonekana hapo hapo. Kweli. Kamera yako inaona gizani kuliko tulivyowahi kuota. Lakini monita juani hudanganya, na mwongozaji mwenye haraka atakwambia mtarekebisha kwenye rangi, mkishamaliza kupiga. Kivuli ambacho kamera haikukinasa hakirekebishiki. Na harusi nazo si kazi ndogo: bibi harusi haingii ukumbini mara ya pili, nawe umejifunza kuwahi. Nachukia watu wanapoidharau kazi hiyo. Ila harusini mwanga unaukuta. Kwenye kisa unauamua mwenyewe.

Mama yako amenikataza kukuamulia, kwa hiyo siamui. Lakini kabla hujasaini, muulize mwongozaji shoti za nje amezipanga saa ngapi. Akisema saa sita na saa saba, uliza kama utaruhusiwa kuzisogeza asubuhi au alasiri. Na neno la mwisho juu ya mwanga liwe lako, kwa maandishi, ndani ya mkataba. Wakikubali hilo, hata hiyo nusu ya malipo... haya, nimesema siamui. Ukishaongea naye nipigie, hata kama ni usiku.

Baba yako