Soma kwanza, uandike baadaye

Ndugu, umeuliza kama kifaa cha BDM (kinachogusa pini za ubao wa kompyuta ili kusoma na kuandika kumbukumbu yake) kitakutosha kuprogramu upya kompyuta ya injini ukiwa nyumbani. Kwa kompyuta ya injini ya Bosch aina ya EDC16, ndiyo. Aina ya EDC17 ina prosesa ya familia nyingine, huko BDM haifai.

Kabla ya lolote, soma kumbukumbu yote, flashi (yenye programu) na EEPROM (kumbukumbu ndogo ya data za gari), mara mbili, kisha linganisha mafaili. Yakitofautiana hata baiti moja, huenda pini hazigusi vizuri, usiandike kitu! Nakala hiyo ya asili ndiyo itakayokuokoa, maana BDM huongea na prosesa moja kwa moja hata programu ikiwa imeharibika. Umeme uwe tulivu, volti 12, usitumie chaja ya betri. Na tafadhali, sahihisha cheksamu (namba ya kuhakiki kwamba faili halina kosa) kabla hujaandika.