Maswali Yenu: Ukiua Mchakato wa Mfumo Endeshi

Swali: Windows ilikuwa nzito, nikazima explorer.exe kwenye Task Manager. Upau wa chini na aikoni zote zikatoweka. Nimeharibu kitu?

Jibu: Hapana. Explorer ni sura tu. Programu nyingine bado zinaendelea. Mara nyingine hurudi yenyewe. Isiporudi, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, chagua Run new task, andika explorer.exe, kisha Enter. Kama ulikuwa unanakili faili kubwa kwa Explorer, kazi hiyo imekatika njiani: futa nakala iliyofika nusu uanze upya. Aikoni ndogo za karibu na saa huenda zisirudi zote, kwa kuwa si kila programu husikiliza tangazo kwamba upau umeumbwa upya; zifunge programu hizo na kuzifungua tena. Siku nyingine chagua Restart badala ya kuzima.

Swali: Mbona basi csrss.exe, mojawapo ya programu za ndani za Windows, ikifa, skrini nzima inakuwa ya buluu?

Jibu: Kwa sababu ina alama ambayo Explorer haina. Windows huitia alama michakato (programu zinazoendelea kufanya kazi) michache, kama smss, csrss, wininit, services na baadhi ya svchost, na alama hiyo ni agizo kwa kiini cha mfumo (kernel): huyu akifa, kwa sababu yoyote ile, simamisha kila kitu. Hakuna jaribio la kumfufua. Michakato hii hubeba kumbukumbu za mambo yanayoendelea, mathalani huduma zipi zinafanya kazi, na nakala mpya isingekuwa na pa kuzipata. Hapo ndipo unaposoma CRITICAL_PROCESS_DIED, namba 0xEF. Faili ambazo hukuzihifadhi zimepotea.

Task Manager hukuonya kabla, na Windows za siku hizi mara nyingi hukataa kuigusa csrss kabisa. Kwa hiyo ukiona 0xEF bila kuzima chochote, usijilaumu, na usikimbilie kusakinisha mfumo upya. Anza na diski. Diski ya SSD inayokatika mawasiliano kwa muda mfupi huua michakato hii, maana sehemu ya programu inayotakiwa kusomwa kutoka diskini haifiki. Nakili data zako kwanza, kagua kebo na hali ya diski, ndipo uendeshe amri hizi za kurekebisha faili za Windows kama msimamizi, kwa mpangilio huu: DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow.

Lsass.exe, inayothibitisha watumiaji wanaoingia, ina tabia yake: ikifa, Windows hutangaza kuwa itajiwasha upya baada ya kama dakika moja. Waliotumia XP mwaka 2004 wanaikumbuka saa hiyo ya kuhesabu kurudi nyuma, kazi ya kirusi Sasser. Itumie dakika hiyo kuhifadhi.

Swali: Kwenye Linux niliandika kill -9 1 (kuua mchakato namba 1) nikiwa root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote. Hakuna kilichotokea. Amri imeharibika?

Jibu: Amri ni nzima. Amri ya kill hutuma ishara kwa mchakato. Mchakato namba 1, ulio wa kwanza kuwashwa, hupokea tu ishara ulizojiandaa kuzishughulikia, na ishara ya 9 haiwezi kuandaliwa na mchakato wowote, hivyo kiini huitupa kimya kimya. Hatari ni namba 1 kuanguka wenyewe. Ukitoka kabisa, kiini husimama na ujumbe "Attempted to kill init!". Systemd, ambayo ndiyo namba 1 kwenye Linux nyingi, hujitahidi kuepuka hilo: ikipata hitilafu mbaya hujigandisha badala ya kutoka. Programu zako zitaendelea, ila systemctl, amri ya kuiagiza systemd, haitajibu. Hifadhi kazi, andika sync ili data ziandikwe diskini, kisha systemctl reboot -ff. Herufi f ziwe mbili, kwa sababu moja peke yake bado hupitia kwa systemd ileile iliyoganda.

Swali: Na nikiua WindowServer ya Mac, inayochora madirisha?

Jibu: Utarudishwa kwenye skrini ya kuingia na programu zote zenye madirisha zitakufa. Launchd, mchakato namba 1 wa Mac, huiwasha tena, ila madirisha yalikuwa yakichorwa na ile iliyokufa. Kama kilichoganda ni Finder tu, yaani programu ya faili ya Mac, killall Finder kwenye Terminal inatosha. Itarudi baada ya sekunde chache.