Tangazo la mkopo limejuaje shida zangu?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nauza vitenge hapa Tanga, wateja wangu wengi wako WhatsApp. Juzi napitia status za watu, katikati likachomoza tangazo la mkopo. Na asubuhi yake nilikuwa nimemwandikia shoga yangu kuhusu deni la kikoba! Wanasoma meseji zetu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi la kwanza kuliona nilidhani nimebofya vibaya. Meta, wenye WhatsApp tangu 2014, walitangaza Juni 2025 kwamba matangazo yataingia kwenye status. Wanasema wanaangalia nchi au mji ulipo, lugha, chaneli unazofuata na matangazo unayoyagusa. Meseji zimefungwa kwa usimbaji kutoka simu hadi simu, hawazisomi. (Shoga yako akipiga picha ya skrini, hapo sina dhamana.)

Ila kama umeunganisha WhatsApp na Facebook kwenye ukurasa wa akaunti za Meta, uliyoyafanya huko yanaweza kukufuata huku. Fungua mipangilio ukague. Na huo mkopo wa kwenye tangazo, mwanangu, usiuguse kabla hujaijua riba yake.