Siku ya Krismasi, Doctor Who si mali ya mashabiki

Mleta mada, maswali yako ni mawili. La kwanza, uliangalia "Joy to the World", kipindi cha Krismasi 2024 cha Doctor Who, ukakipenda mpaka machozi yakakulenga, halafu ukaenda kusoma mashabiki wanasemaje ukakuta kinapondwa vibaya mno, kana kwamba wenzako waliangalia kitu kingine. La pili, unataka kumwonyesha mdogo wako vipindi vya sikukuu vya miaka ya nyuma, aanze na kipi. Wakuu walionitangulia wamekujibu kwamba kila mtu na ladha yake. Sawa, ila jibu hilo halikusaidii kitu. Mimi naishi Cardiff, mji mkuu wa Wales, ambao tamthilia hii inatengenezewa tangu irudi hewani 2005, na Krismasi nyingi nimeiangalia nikiwa kazini, katikati ya watu ambao si mashabiki hata kidogo. Msimamo wangu ni huu: siku ya Krismasi tamthilia ile si yetu. Wenyewe ni watu wengine kabisa, na mashabiki wengi hawajalimeza hilo.

Kwa anayepita tu: Doctor Who ni tamthilia ya BBC ya kubuni kisayansi. Ilianza tarehe 23 Novemba 1963, ikasimamishwa 1989, ikarudi 2005. Daktari si binadamu, anasafiri ndani ya wakati kwa chombo chenye umbo la kibanda cha bluu cha polisi, na akikaribia kufa anageuka kuwa mtu mwenye sura nyingine, ndiyo maana waigizaji wanabadilika na kazi inaendelea. Kuanzia 2005 mpaka 2017 haikupita Krismasi bila kipindi maalumu.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mimi Mwislamu, kwa hiyo tumezoeana hivi: Krismasi nashika zamu ili wenzangu wakae na familia zao, Idi wao wananishikia. Sebule siku hiyo unaikuta viti vimepangwa kufuata ukuta, watu wana kofia za karatasi kichwani, chokoleti zinazunguka, na runinga iko BBC One tangu asubuhi kwa sababu hakuna aliyekumbuka rimoti iko wapi. Saa tisa hotuba ya Mfalme, nusu ya watu wamesinzia. Chai inakuja, keki inakuja, na mwaka ule wa 2024 saa kumi na moja na dakika kumi jioni kikaingia kibanda cha bluu.

Ukitaka kujua kipindi cha Krismasi kinaandikwa kwa ajili ya nani, kaa kwenye sebule hiyo usikilize maswali. "Huyu ndiye Daktari siku hizi?" "Mbona yuko peke yake?" Kuna mzee mmoja, zamani dereva wa basi, kwake Daktari ni Tom Baker tu, yule wa 1974 hadi 1981 mwenye skafu inayoburuza chini, na kila Krismasi ananiuliza skafu imekwenda wapi. Mjukuu wa mtu kakaa sakafuni anamsubiri dinosaria aliyeonyeshwa kwenye tangazo. Binti wa mtu anaangalia huku anamkatia mama yake keki. Hakuna hata mmoja anayejua msimu uliopita uliishaje, na wala hawana mpango wa kujua.

Mwandishi anawafahamu watu hawa. Anajua amepewa muda usiozidi sana saa moja, katikati ya shibe, usingizi na watoto waliolewa sukari, kuwasimulia watu ambao mara ya mwisho walimwona Daktari mwaka mmoja uliopita. Kwa hiyo anaanza sifuri. Anaweka theluji, vichekesho, mgeni mmoja maarufu, hatari ambayo hata aliyetoka chooni ataielewa, na machozi kidogo mwishoni. Shabiki aliyesubiri miezi sita apate jibu la fumbo lake anakuta kaandaliwa karamu ya watoto. Lazima anune.

Na hili si la jana. Krismasi ya 1965 iliangukia Jumamosi, siku ya kawaida ya Doctor Who. Walikuwa katikati ya hadithi ndefu ya sehemu 12 kuhusu Daleks, maadui wakubwa wa Daktari, tena hadithi ya huzuni, watu wanakufa. Sehemu ya saba, "The Feast of Steven", ikaangukia siku yenyewe, wakaweka vita pembeni: vurugu za kuchekesha kituo cha polisi, mkimbizano kwenye studio za filamu za kimya kule Hollywood, na mwisho William Hartnell, Daktari wa kwanza, akainua glasi, akaigeukia kamera na kuwatakia Krismasi njema watu waliokuwa majumbani. Nakala ya picha haipo tena, imebaki sauti tu. Pamoja na hivyo, mpaka leo wapo wanaobishana kama Daktari "kweli" aliwaona watazamaji au ni Hartnell aliyetoka nje ya mhusika. Miaka sitini inabishaniwa salamu ya sikukuu! Hao ndio ndugu zetu.

Turudi kwenye "Joy to the World", maana naona ndicho kinachokuuma. Aliandika Steven Moffat, Daktari ni Ncuti Gatwa, mgeni wa heshima Nicola Coughlan akicheza Joy. Wazo la msingi ni zuri sana: ule mlango wa ziada unaoukuta umefungwa kwenye chumba cha hoteli, usiojua unaelekea wapi, unaelekea kwenye Hoteli ya Wakati, na kutoka huko wageni wanakwenda kula sikukuu enzi yoyote. Mwanzoni Daktari anapita na trei ya chakula, anafungua mlango anatokea Manchester ya 1940 mabomu yanaanguka, mwingine kambini Everest 1953. Pale Manchester bibi mmoja sebuleni kwetu, ambaye vita vilimkuta akiwa mtoto, alikaa wima kwenye kiti. Hakusema neno, lakini keki ilisubiri.

Halafu kuna ule mwaka. Daktari anakwama London ya 2024 na hana chombo chake, inabidi aishi mwaka mzima siku baada ya siku kama mimi na wewe, akifanya kazi ndogondogo kwenye hoteli ya kawaida tu inayosimamiwa na mwanamke anaitwa Anita. Anarekebisha vitu, anapaka rangi, na siku moja kila wiki wanakaa vitini wanapiga soga. Haitoki hatari yoyote. Hakuna jini wala roboti. Inachukua dakika chache tu za kipindi, na humo ndimo mashabiki karibu wote walikubaliana, waliokipenda na waliokichukia: Steph de Whalley aliyecheza Anita aliiba shoo. Malalamiko makubwa yalitokana na hapohapo. Watu walisema Anita katumia dakika chache kawa rafiki wa kweli, na Joy, ambaye jina lake ndilo liko kwenye kichwa, kabakiziwa kukimbizana na sanduku lenye bomu. Hapo nawaunga mkono. Ningepewa kalamu, ningeyaacha yale ya sanduku nusu na kumwongezea Anita muda. Waandaaji nao bila shaka waliona, maana mwaka 2025 Anita alirudishwa mwishoni mwa msimu.

Pasipopatana watu ni mwishoni. Joy analipuka kwa hasira na kueleza kwamba mama yake alifia hospitali Krismasi ya 2020, yeye akamuaga kupitia kishikwambi kwa sababu alitii sheria za korona, wakati wakubwa waliotunga sheria walikuwa wanafanya pati na majokofu yao ya mvinyo. Kila Mwingereza alielewa inasemwa serikali ya Boris Johnson. Mitandaoni wengine waliandika kwamba hiyo ni siasa, imeingizwa kwa nguvu kwenye kipindi cha watoto. Mimi nakwambia nilichokiona. Mwenzangu wa zamu, muuguzi kutoka Kerala, India, aliyefanya kazi miaka yote ile ya korona, aliweka sinia chini akasimama nyuma ya viti mikono kifuani mpaka ile sehemu ikaisha. Sisi ndio tuliokuwa tunavishika hivyo vishikwambi. Unavaa glavu, unasogeza kioo karibu na uso wa mzee, unasikia mtoto wake analia kutoka Swansea au Australia, na huruhusiwi kutoka chumbani kwa sababu hakuna wa kukishika. Wale waliokerwa na sehemu ile siwalaumu, lakini haikuandikwa kwa ajili yao. Iliandikwa kwa ajili ya sebule kama ile.

Baada ya hapo Joy anageuka nyota, na nyota yenyewe inakuwa ile ya Bethlehemu. Hapo moto ukawaka pande zote mbili: Wakristo baadhi wakaona dhihaka, wasioamini wakaona mahubiri. Yule mwenzangu wa Kerala, Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, alicheka tu akaenda kukusanya vikombe. Mimi niliona ni mwisho wa haraka haraka, wa mwandishi aliyeona saa ukutani.

Jambo jingine utakaloliona kwenye maoni kila mwaka ni vita ya takwimu, na hiyo usiipotezee muda. Asubuhi ya tarehe 26 zinatoka namba za walioangalia usiku uleule. "Joy to the World" kilipata zaidi kidogo ya milioni 4. Wanaotaka tamthilia ife wakaziweka kando ya "Voyage of the Damned" ya 2007, iliyokuwa na Kylie Minogue na ikafikisha milioni 13.3, wakasema mnaona? Kwanza hiyo milioni 13.3 ni hesabu kamili, pamoja na waliorekodi wakaangalia baadaye, na huwezi kuipambanisha na hesabu ya usiku mmoja. Pili, mwaka 2007 watu hawakuwa wanaangalia kila kitu kwenye simu kwa wakati wao. Tatu, Krismasi ya 2024 Uingereza nzima ilikuwa inasubiri saa tatu usiku, kipindi cha mwisho kabisa cha ile tamthilia ya vichekesho, Gavin & Stacey, kilichoangaliwa na zaidi ya milioni 12 usiku uleule. Na ile hadithi imewekwa Barry, pua na mdomo na hapa Cardiff. Mji mzima ulikuwa huko. Hata yule mzee wa skafu aligoma kulala.

Kichekesho ni kwamba kipindi hiki kilipoondolewa Krismasi watu walilia. Chris Chibnall alipokuwa mkuu wa waandishi alikihamishia tarehe 1 Januari, kuanzia 2019, Daktari akiwa Jodie Whittaker. Walewale waliokuwa wakilalamika kuhusu theluji na miti inayozunguka wakaandika kwamba sikukuu yao imeibwa. Kilirudi tarehe 25 Desemba 2023 na "The Church on Ruby Road", majini madogo yanayoiba watoto na kuimba, na baada ya siku mbili tu ule wimbo ulishaanza kuchosha watu.

Hapo kwa Gatwa niseme kidogo, kwa sababu kuna mchangiaji juu kaandika kwamba Daktari huyu "amewekwa tu". Ncuti Gatwa alizaliwa Kigali 1992, familia yake ikakimbilia Scotland wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Mhusika mwenyewe ni mtu aliyeipoteza sayari yake na hawezi kurudi kwao. Sidhani kama kuna mwigizaji kabla yake aliyehitaji kufikiria kidogo kuliko yeye ili aelewe hilo. Misimu yake nayo ilikuwa na makosa mengi, ila yeye hayumo.

Swali la mdogo wako sasa. Mwanzishe na "A Christmas Carol" ya 2010. Matt Smith ndiye Daktari, Michael Gambon akicheza tajiri mwenye roho ya chuma, na papa anayeogelea kwenye ukungu angani. Hahitaji kujua chochote kabla, na hata mashabiki wakali wanakiweka karibu na kilele. Kinachofuata, "Last Christmas" ya 2014, ila uangalie umri wake kwanza: kuna wadudu wanaomganda mtu usoni wakamlaza usingizi wakimla ubongo, na Nick Frost kama Santa hapunguzi hofu sana. "The Christmas Invasion" ya 2005 inafaa kama anataka kufuatilia tamthilia nzima, maana David Tennant anaanzia hapo kuwa Daktari. "Voyage of the Damned" ni ya popcorn. Ile ya 2011 iruke.

Za kuagana zote zihifadhi: 2009 ya Tennant, 2013 ya Matt Smith, 2017 ya Peter Capaldi. Mtu anayemwona Daktari akifa ndiyo kwanza amekutana naye atakuuliza mbona unalia. Ile ya 2017 ina kero yake pia: Daktari wa kwanza amerudishwa, kachezwa na David Bradley, akapewa maneno ya kudharau wanawake ambayo Hartnell wa kwenye vipindi vya zamani hakuwa anayasema kwa kiwango hicho. Hilo mashabiki waliligomea na walikuwa na haki. Lakini sehemu ya mapatano ya Krismasi ya 1914, askari wa pande mbili wanatoka kwenye mahandaki kuimba, itamfaa akishamzoea Capaldi.

Krismasi ya 2025 haikuwa na kipindi. Oktoba mwaka huo BBC walitangaza kwamba Disney, waliokuwa wakishirikiana nao kuitengeneza, wamejitoa, na kwamba Russell T Davies, mwandishi aliyeirudisha hewani 2005, ataandika cha Krismasi 2026. Kwa hiyo una muda wa kutosha wa kumpitisha mdogo wako kwenye hivyo nilivyotaja. Akimaliza cha 2010 akakuuliza yule mwanamke mwenye nywele nyekundu na mumewe ni akina nani, ambao hapo wanaonekana kidogo tu kwenye chombo kinachoanguka, mpe msimu wa tano wote, ule wa 2010, aanze na "The Eleventh Hour". Na kama nyumbani kuna bibi au babu, waite nao wakae.